Miaka Thelathini ya Kusahau Miwani

Haya nyinyi wote mmeketi kwa benchi ya kliniki ya macho, sogeeni kidogo nipate pa kuweka makalio, maana yangu peke yake inataka benchi mzima. Wewe mwenye pamba kwa jicho, sogea. Na wewe unajifanya umelala, nakusikia unapumua kama mtu ako macho, sogea pia. Hiyo foleni yenu haiendi popote leo. Mimi nimeketi kwa hiyo benchi mpaka nikajua kila msumari kwa jina, na kuna mmoja, wa tatu kutoka ukuta, alinipasulia sketi mara mbili na hajawahi kuniambia pole.

Naitwa Mama Nafula. Nakaa Gatwekera, Kibera, nyumba ya mabati, ile ukipiga chafya jirani anakuombea. Nauza sukuma, ile mboga ya majani. Sukuma yangu naikata nyembamba, nyembamba mpaka kuna mtu alinunua ya kupika akashonea kifungo cha shati. Shule niliiona nikipita nje. Kwetu Bungoma baba alikuwa na watoto tisa na ng'ombe wawili, na mtu wa kuchunga lazima angepatikana, nikapatikana mimi. Kwa hivyo haya siandiki. Nasema kwa simu, simu ndio inaandika. Ukipata makosa, tukana simu.

Nimekuja kuwaambia venye macho yangu iliondoka, ndio yenu isiondoke. Nitawachekesha, kwa sababu sijui njia ingine ya kuongea. Lakini usidanganyike na hicho kicheko. Hii hadithi hunivunja kila mara naianza, na leo pia itanivunja, mtaona.

Wacha nianze na uongo.

Mtu hajui kusoma hapa Nairobi ana kazi mbili. Kuna kazi yake, na kuna kazi ya kuficha. Kwa hiyo ya pili mimi nilikuwa profesa. Nilikuwa na Biblia kubwa, ile ukiangusha inaua panya. Mchungaji akisema fungueni, nafungua. Nasikiza mtu wa kando amegeuza karatasi ngapi, na mimi nageuza hizo hizo. Nikiambiwa sasa Mama Nafula tusomee, napapasa kifua, napapasa mkoba, nasema, "Wee, nimesahau miwani." Karatasi ya chama ikija, nimesahau miwani. Mtu akinitumia ujumbe kwa simu, nimesahau miwani. Nilisahau miwani miaka thelathini, na sijawahi kumiliki miwani hata ya jua. Watu wakaanza kunihurumia. Mama Nafula ana shida ya macho tangu zamani, maskini. Na mimi naitikia, ni macho tu, ndugu zangu, ni macho. Wakati huo macho yangu ilikuwa inaona siafu akitoka jasho.

Nafikiri uongo wangu ulichoka kuwa uongo. Ukakata shauri uje ukuwe ukweli.

Ilianza wakati wa mvua ndefu. Mbele nilikuwa naona sawa, lakini pembeni ni kama mtu anavuta pazia polepole. Nikaanza kugonga vitu vya kando. Nikagonga mlango wangu mwenyewe, nikamwambia samahani. Kule kwa kiosk ya maji nikamwagia Mama Beryl ndoo ya lita ishirini, yote, kutoka kichwa. Mama Beryl ni jirani yangu, karatasi moja tu ya mabati ndio inatutenganisha. Ni Mjaluo, anauza omena, wale dagaa, huko Kisumu Ndogo, upande mwingine wa Kibera, na ana sauti ya kuita boti kutoka ng'ambo ya ziwa. Nikamwambia haki sikukuona. Akakamua leso yake, akaniambia, "Si wewe kutoona ni kawaida yako?"

Umeona hapo? Mtu umelilia macho miaka thelathini, siku yanaharibika kweli huna wa kumwambia. Mume wangu angejua. Yeye ndiye pekee nilikuwa nimemwambia siri yangu, na alikuwa ananisomea kila kitu kwa sauti ya chini, hata bei ya sabuni. Lakini yeye tulikuwa tumemzika.

Nikabeba hiyo shida hivyo hivyo mpaka baridi ya Julai. Ndio Nafula, mtoto wangu mmoja Mungu alinipa, akanivuta hospitali. Nafula alikuwa anakaa Kawangware na bwana yake, anasuka nywele, na wakati huo alikuwa na mimba kubwa kama mtungi wa gesi wa hoteli. Alikuja na tumbo yake yote, akanishika mkono, tukaenda. Hapo kwa benchi watu walitaka kumpisha yeye kwa foleni wakidhani ndiye mgonjwa.

Sasa sikiza venye mjinga hufanya mambo. Daktari, mwanamke mpole, mikono yake inanuka sabuni, akaniuliza kama najua kusoma. Nafula ameketi hapo. Nikasema, vizuri sana. Baadaye, miezi mingi baadaye, ndio nilikuja kuambiwa kwamba ningesema hapana, wako na karatasi ingine ya kupima watu hawajui herufi. Unaonyesha tu na mkono, hii inaangalia juu, hii inaangalia chini, basi, umepimwa, hakuna mtu anakucheka. Sikujua. Akanionyesha ile ya herufi. Ile ya juu kabisa ilikuwa kubwa kama mlango wa kanisa. Niliiona. Niliona na inzi alikuwa amekaa juu yake, na nadhani hata inzi aliniona. Lakini sikujua inaitwa nani. Akauliza, hii? Nikapapasa mkoba. Na hii kubwa? Nikapapasa kifua, nikasema nimesahau miwani.

Akaandika. Sijui aliandika nini lakini aliandika muda mrefu. Halafu akanishika bega polepole, akanizungusha kwa kiti venye unazungusha kipofu, na mimi nikakubali kuzungushwa.

Hayo mengine ya daktari sitaki kuingia, wenye wanayajua wako hapo ndani. Mimi nilisikia tu wakisema presha ya macho. Nilikuwa najua presha ya moyo, presha ya mapenzi na presha ya mwenye nyumba. Hiyo ya macho ilikuwa mgeni. Nikapewa chupa ya matone, ndogo kama kidole cha mtoto, na kadi ya manjano. Yule daktari akaniambia siku ya kurudi imeandikwa kwa kadi, na venye nitatumia dawa imeandikwa kwa karatasi ndani ya boksi, nisome vizuri. Nisome vizuri. Ni kama kumwambia kuku akame maziwa. Nikasema asante daktari, nikaenda nyumbani, nikaweka kadi na karatasi ndani ya Biblia, maana vitu sisomi huwa naziweka pamoja.

Chupa ya kwanza nilitumia kama askari. Asubuhi tone, jioni tone, linachoma kama pilipili. Siku moja nikaitikisa kwa sikio, kimya. Nikasema Mungu asante, dozi nimemaliza. Nikaitupa.

Usinicheke wewe wa pamba. Huku kwetu dawa ni dozi. Malaria ni dozi, kifua ni dozi, unameza, inaisha, umepona, unarudi kazi. Nani aliniambia kuna dawa haiishi? Karatasi iliniambia. Karatasi ilikuwa inapiga kelele huko ndani ya Biblia, na mimi nalalia hiyo Biblia. Na macho haikuwa inauma hata kidogo. Huo ndio ujanja wa huyu mwizi. Hagongi mlango, havunji kitu. Anabeba kijiko leo, sufuria kesho, mpaka siku unataka kupika ndio unajua huna jikoni.

Nafula akajifungua. Msichana, wakamwita Imani. Kwetu mtoto akizaa, mama yake anaenda. Nikafunga kibanda, nikabeba leso mbili na Biblia, na kadi ikiwa ndani, nikahamia Kawangware. Nikapika uji wa wimbi, nikamkanda Nafula na maji moto, nikaosha mtoto, nikaimbia mtoto. Huyo mtoto alinicheka akiwa na siku tatu, na ukikataa tutakosana. Nilikaa mpaka akashika shingo. Nilikuwa namweka kwa mapaja namwangalia venye nimeona watu wakiangalia gazeti, kutoka juu mpaka chini, narudia. Nyusi za babu yake. Shimo kidogo kwa kidevu. Sikujua naangalia kwa kuaga.

Jua la Januari ndilo lilinifunua. Nilikuwa nimerudi Gatwekera. Nikaamka asubuhi, nyumba imejaa moshi. Nikapiga nduru, moto, moto. Mama Beryl akavunja mlango wangu na teke moja, akamwaga ndoo ya maji kwa kitanda na mimi nikiwa ndani. Halafu akasimama. Akaniuliza moto iko wapi. Nikamwambia si huu moshi wote. Akaweka ndoo chini. Mama Beryl, mwenye huongea hata akila, akafunga mdomo. Akaketi kwa hicho kitanda kimelowa na akanishika mguu. Hapo ndio nilijua moshi uko ndani yangu.

Tukarudi kwa benchi. Nafula amebeba Imani mgongoni. Safari hii ilikuwa daktari mwingine, mwanaume, mzee kidogo kwa sauti. Akafungua kadi. Akauliza, "Mama, ulikuwa urudi hapa mwezi wa tisa. Ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua. Lakini Nafula akanitangulia. Akasema, mama alikuwa kwangu. Alikuwa ananilelea mtoto. Na akaanza kulia, mtoto naye akaanza kulia, na daktari akasema aah, sauti yake ikalainika, akasema kina mama ni hivyo, wanajisahau. Ule uongo niliwekewa mkononi kama kikombe ya chai, umeshatiwa sukari. Bibi mwema aliyekosa kliniki akilea mjukuu. Nani hataki kuitwa hivyo? Na upande huo mwingine ni nini? Ni mama mzima na Biblia kubwa, mjinga, aliyeona aibu kuuliza tarehe. Nikafunga mdomo. Nikanywa.

Walinipasua jicho la kulia kabla ya mvua, na la kushoto mvua ikiwa imeshika. Waliniambia mapema si kurudisha, ni kushika kile kimebaki. Kilichobaki si kitu. Naweza kujua mlango uko wapi mchana, kwa sababu hapo kuna weupe. Miguu yangu kwa mbele ikajaa alama kama ramani, kila meza Kibera imenisalimia. Nikanenepa kwa kuketi. Vidole ikaamka, hiyo ni huruma ndogo Mungu alinipa. Sukuma nilirudi kukata baada ya pamba kutolewa, na wateja wanasema ni nyembamba kuliko ya zamani. Mimi nasema zamani nilikuwa naona kisu nikiogopa. Lakini usiku na mchana ikawa ndugu mapacha, na kila asubuhi bado nafungua macho kwanza. Mtu hazoei. Wenye watakuambia utazoea, waambie Mama Nafula amekataa.

Na Nafula ndiye alinibeba. Kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi anatoka Kawangware na mtoto, anafua, anapika, ananitia matone, sasa zile za maisha. Ananiosha miguu kama mgeni wa heshima. Nikimwambia pumzika anasema, mama niache. Alikuwa amepunguka, nikimshika mkono nasikia mfupa. Sikuuliza. Nilijua. Hatia yake ndiyo ilikuwa inanifulia nguo, na mimi nimekunja miguu.

Nafula ndiye alisikia kuna kikundi ya wasioona wanakutana Kawangware kwa ukumbi wa kanisa, akanipeleka. Mwalimu pale anaitwa Josphat, kijana asiyeona tangu kuzaliwa, na anatembea haraka kuliko deni. Wanafundisha watu kuongea na simu. Akaeleza kuna maktaba ya vitabu vya kusikiliza, ni ya watu hawawezi kusoma karatasi, pengine ni macho, pengine ni mikono haiwezi kushika kitabu, pengine ni herufi zinawarukaruka kichwani. Unaiambia simu, nataka kitabu fulani, inakusomea. Wakati wa kuniandikisha akaniuliza nilikuwa napenda kusoma nini kabla. Nafula amesimama nyuma yangu. Nikasema kila kitu, lakini sana sana magazeti. Mwalimu akavuta pumzi, akasema pole sana mama, kupoteza kusoma ni msiba. Wengine wote wakasema pole. Kikundi mzima ikanifariji kwa matanga ya mtu hakuwahi kuzaliwa.

Nikapewa simu ya mtumba, kioo imepasuka, lakini mimi na kioo tuliachana zamani. Ndani kuna dada. Swahili yake ni ile ya taarifa ya habari, hata nikimwomba kitu najiona nimekuja bila kuchana nywele. Siku za kwanza nilikuwa namfokea, yeye ananiambia hali ya hewa ya nchi sijui wapi. Mwalimu Josphat akaniambia mama, huyo si mbuzi unafukuza kwa shamba, ongea na yeye kama jirani mnaheshimiana. Nikajifunza. Dada, nifungulie vitabu. Dada, endelea mahali tuliacha. Dada, rudisha nyuma.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mama mmoja ameibiwa ng'ombe, anamfuata kwa miguu milima na mito, anauliza kila boma. Dada akasema sura ya kwanza. Niliketi kwa mtungi, kisu kwa mkono, sukuma kwa mapaja. Miaka hamsini na kitu nilikuwa nadhani kitabu ni kitu cha kunyamaza. Kumbe ndani kuna watu. Kuna upepo, kuna mtu anakohoa, kuna ng'ombe analia mbali. Mimi niliyekosa shule kwa sababu ya ng'ombe, ng'ombe akaja kunichukua. Nililia mpaka sukuma ikapata chumvi.

Na nikilia hivyo nikafikiri kitu kingine, hiki ndicho hunivunja. Hiyo simu mkononi ingekuja chupa moja mapema, ningeelekeza kwa ile karatasi ya dawa, dada angenisomea nikiwa peke yangu, mlango nimefunga, na hakuna mtu angejua.

Mama Beryl akawa msikilizaji. Hakuwa anaingia, hana haja, mabati ni yetu sote. Saa kumi nikiwasha, nasikia anavuta stuli upande wake. Akikosa mahali anagonga na mwiko, mwambie huyo dada arudishe kidogo, omena ilikuwa inaniungulia.

Sasa nifike kwa siku yenyewe.

Bwana ya Nafula alikuwa amepata kazi Nakuru, na akapata chumba kiko na mlango wa mbele, mahali pa kufungua saluni. Nafula tangu akiwa mdogo alikuwa anasuka hata nyasi. Kitu kimoja alitaka duniani ni saluni yake. Bwana akapiga simu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hiyo ya tatu nilisikia mwenyewe. Nafula alikuwa amesimama kwa mlango wangu akidhani nimelala. Alimwambia, nenda peke yako. Mimi siwezi kutoka hapa. Mimi ndiye nilimtoa mama macho.

Nikabaki nimelala hapo nimefumba macho, kazi ya bure kwa mtu kama mimi. Wiki mbili nilibaki nayo. Nitawaambia ukweli, sikunyamaza kwa aibu peke yake. Nilijua nikimwambia ataenda. Na Imani alikuwa ameanza kuniita kukhu, bibi kwa lugha yetu.

Ikafika Jumamosi moja, mvua ndogo ya Novemba. Mwalimu Josphat alikuwa ameweka kwa simu zetu kitabu kifupi cha presha ya macho, kimesomwa na mtu. Mimi nilikuwa nakikwepa. Nafula akakikuta, akamwambia dada akifungue. Nikasema tuweke kile cha ng'ombe. Akasema hapana mama, nataka kujua. Basi tukasikiza. Sauti ya mwanaume, polepole, mvua ikipiga juu. Ikasema matone ni ya kila siku, ya maisha. Chupa ikiisha unaanza ingine. Usingoje maumivu, maumivu hayaji. Usikose siku iliyoandikwa kwa kadi. Kinachoibiwa hakirudi.

Nikasikia Nafula ameanguka magoti. Akaweka kichwa kwa mapaja yangu na akasema, "Nisamehe mama. Hizo wiki zote ulikuwa kwangu unaosha mtoto wangu."

Na nikaona, mimi asiyeona, kwamba nikinyamaza hapa nitakuwa nimetoa macho ya watu wawili.

Nikamwambia. Haikutoka vizuri. Nilianza na miwani, nikaenda kwa baba yake, nikarudi Bungoma kwa ng'ombe wawili, nikamwambia ile herufi kubwa na inzi. Nikamwambia mimi sijawahi kujua kusoma, hata jina lako. Chupa iliisha nikiwa hapa Gatwekera, kabla hujazaa, na nikaitupa. Kadi sikujua ni ya lini. Si wewe. Wewe na mtoto hamkunikosesha kitu. Ni aibu yangu ilinitoa macho, na nikakubebesha wewe. Enda Nakuru.

Aliinua kichwa kutoka kwa mapaja yangu. Nikadhani ameniacha. Halafu akasema kwa sauti ya mtoto.

"Mama, nilijua. Tangu darasa la tatu. Nilileta ripoti nikiwa wa mwisho, ukaiangalia, ukasema vizuri sana, ukanipikia chapati."

Nikajaribu kucheka. Haikutoka.

Akasema, na hiyo kadi niliisoma. Ulifungua Biblia kwangu Kawangware, ikaanguka, nikaiokota nikaona tarehe. Ilikuwa wiki ile ile. Bwana yangu alikuwa ameketi hapo. Nikasema nikimsomea mama mbele ya mkwe wake nitamvua nguo. Nikasema nitangoja aniulize tukiwa wawili. Nikairudisha ndani. Nikangoja. Tarehe ikapita nikiiangalia, mama.

Sasa mnajua kwa nini nimekuja hapa kwa benchi. Uliza. Kama hujui hiyo kadi imesema nini, geuka sasa hivi uulize mwenye ameketi na wewe. Na wewe mwingine, ukiona mtu amesahau miwani mara nyingi sana, msomee tu, kwa sauti ya chini, usingoje. Sisi tulikuwa watu wawili tunapendana kwa heshima kubwa, na kwa hiyo heshima tukazima taa pamoja.

Nafula alienda. Ilichukua mpaka Imani amejua kukimbia, lakini alienda, na saluni ina viti viwili. Siku ya kuondoka alinishikisha kidevu cha mtoto, lile shimo bado liko. Mwalimu Josphat nilimwambia pia. Akasema simu haijawahi kuuliza mtu alifika darasa la ngapi. Matone natia mwenyewe. Jioni nyumba inakuwa kubwa, hiyo chumba moja ya futi kumi, inakuwa kubwa kama uwanja.

Lakini ile Jumamosi ilikuwa bado haijaisha. Nafula alikuwa magotini, mimi nimemshika kichwa, tunalia bila mpango. Nikawa namwambia si makosa yako, mtoto wangu, hata wewe sikukuhitaji, ningeuliza mtu yeyote. Ningetoka hapa hatua mbili, nibishe kwa Mama Beryl, nimwambie jirani niangalizie hii tarehe, dakika moja tu, na saa hii ningekuwa nakuona.

Mvua ilikuwa imeacha na hatukuwa tumejua. Upande wa pili wa mabati mtu akapenga kamasi. Stuli ikalia. Halafu Mama Beryl, ile sauti yote ya ziwa imemwisha, akasema:

"Mama Nafula, shukuru hukubisha. Mimi ningekuambia kliniki ni Krismasi, maana hiyo ndiyo tarehe pekee najua."